Gorogoro ya Kilo Mbili

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kitabu hiki kilikuwa cha stoo. Kwa miaka kumi na minne nimeandika ndani yake magunia ya Bwana Ogola, yaliyoingia na yaliyotoka. Leo saa nne asubuhi Ogola aliniambia nikiache mezani niende nyumbani. Nikakitia kwenye kikapu changu mbele ya macho yake. Sikuaga mtu.

Nataka niandike vizuri, maana hasira ikipoa mtu husahau, nami sitaki kusahau hata kidogo. Wiki tatu zilizopita Ogola alinunua programu ya biashara, kompyuta na tableti, akamleta Enos, mpwa wa mkewe, aziendeshe. Enos ana tai tatu na hajawahi kuinua gunia. Nikaambiwa nikae karibu naye nimweleze kazi. Nikakaa. Nikamwambia wapishi wa matanga huja Alhamisi kwa sababu mazishi ni Ijumaa na Jumamosi. Nikamwambia wakulima wa Muhoroni wakilipwa pesa za miwa, bei ya mchele hupanda kabla jua halijatua. Nikamwambia Seline, msimamizi wa jikoni wa ile shule ya wasichana Pap Onditi, hutaka maharagwe yake yawe tayari Jumatatu ya kufungua shule, na mvua ikikata barabara ya Awasi basi uwe umeshajaza stoo. Wiki tatu nzima nilimwaga kichwa changu ndani ya ile mashine kama mtu anayemwaga gunia.

Alhamisi nilitoka kunawa mikono nikamsikia Ogola kwenye simu nyuma ya ukuta.

"Akimaliza kusema yote, namwachilia," alisema. "Kompyuta haiombi ruhusa ya kwenda matanga."

Nilirudi nikakaa. Lilikuwa limebaki swali moja. Enos akauliza, gorogoro ni kilo ngapi? Yaani lile kopo tunalopimia akina mama wa sokoni.

Nikasema, mbili.

Kila mtu husema mbili. Uliza mama yeyote wa soko la Kibuye, atakuambia mbili bila kugeuza shingo. Lakini mimi nimepima. Gorogoro ya maharagwe ni kilo mbili na robo. Gunia la kilo tisini hutoa gorogoro arobaini, si arobaini na tano. Na gorogoro ya omena, dagaa wetu wakavu wa ziwani, kwa vile omena ni nyepesi, haifiki hata kilo moja. Sikusema uongo. Nilisema wanachosema watu.

Asante ya punda ni mateke, wanasema. Na punda mwenyewe, asiyesema lolote, ana miguu minne.

Jumanne, 4 Machi

Nimelala mpaka saa mbili. Sikufurahia.

Alhamisi, 6 Machi

Wakoli alipita jioni. Ni mume wa mdogo wangu Nanyama, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi ya kubeba magunia kwa Ogola, mwaka wa tisa huu. Alikuwa na uchungu kwa ajili yangu, akataka kuacha kazi ili tutoke pamoja. Nikamkumbusha watoto watano. Tena nikamwambia akae pale awe macho yangu.

Alicheka. Akasema Ogola siku hizi haingii stoo, anakaa kwake na simu mkononi, akikutana na mtu anamwonyesha. "Stoo yote iko hapa," anasema, "hata panya nawaona."

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata kazi. Rehma, mjane wa Salim, ana duka la jumla mitaa miwili kutoka kwa Ogola. Ni dogo, lakini halina tai. Alinihoji akiwa amefunga saumu, midomo imekauka, na kumbe naye ana programu kwenye simu yake. Alinunua mwaka jana. Anaitumia kujumlisha tu.

Nikamwambia, mama, hiyo ni sawa na kununua ng'ombe kwa ajili ya kamba. Nipe mizani nzuri na siku mbili.

Akauliza mizani ya nini kama programu ipo. Nikasema programu inajua ulichoiambia tu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepima kila kitu. Gorogoro ya mahindi, ya maharagwe mekundu, ya njano, ya ndengu, ya mchele, ya mtama, ya omena kubwa na ya omena ndogo. Kila moja mara tano, na kila moja nimeiingiza na uzito wake. Rehma alisimama mlangoni akisema wengine wananunua programu ili wapumzike. Nikamwambia wengi hukosea hapo, kwenye gorogoro. Nilisema hivyo nikitabasamu, naye akaniangalia.

Baadaye tuliingiza kalenda. Idd, Pasaka, kufunga shule, kufungua shule, Alhamisi zote za matanga. Namba za wateja tumeziweka pembeni ili kila Jumanne wapate ujumbe wa kuwauliza wamebakisha nini na wiki ijayo wanataka nini. Kwa Ogola, Enos aliingiza mauzo ya mwaka jana akaiambia mashine irudie. Watu hawarudii. Mwaka jana unga ulikuwa ghali, watu wakala mihogo. Mwaka huu hata mbuzi hawaitaki mihogo.

Kila nilichompa Ogola nampa Rehma, na nyongeza juu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua imeanza.

Jumatatu, 24 Machi

Nimecheka mpaka nikakohoa. Wakoli anasema omena zimeanza kugusa dari. Mashine inaondoa kilo mbili kwenye hesabu kwa kila gorogoro inayouzwa, na kweli kinachotoka hakifiki moja, kwa hivyo kila siku ya tatu inamwambia Enos omena zimekwisha, naye anaagiza. Lori linashuka, Wakoli anabeba. Alimwambia Enos, "Bosi, hizi mbona zimejaa?" Enos akamwonyesha tableti: hapa inasoma sufuri. Akamwambia abebe.

Hakuna anayepiga kelele kwa sababu ya ziada. Mwenye duka huogopa kupungukiwa tu. Nilijua hivyo siku ile nikisema mbili.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Tumefunga duka. Rehma alinipa biriani na leso mpya. Mchele, sukari na tende vilikwisha jana saa kumi na moja, hakikubaki kitu cha kuozea ndani. Mara ya kwanza, anasema, tangu Salim afariki. Alinishika mkono muda mrefu.

Nilimpenda leo. Lakini njiani nilikuwa nawaza omena.

Jumatano, 9 Aprili

Shule zilifungwa Ijumaa. Jana ujumbe wetu wa Jumanne ulimfikia Seline, na leo amepiga mwenyewe. Anasema katika miaka yote hiyo hakuna muuzaji aliyewahi kumuuliza wasichana wanakula nini. Wamekataa maharagwe ya njano, wanasema yanawavimbisha tumbo darasani. Wanataka ndengu mara mbili kwa wiki, na wali Jumapili. Programu yangu imeandika hivyo. Ya Ogola imeshampangia maharagwe ya njano ya mwaka jana.

Ndengu na mchele ametupatia sisi. Maharagwe mekundu amemwachia Ogola kwa ajili ya mazoea, magunia ishirini na tano, lori litafika Jumatatu ya kufungua. Nikamshukuru. Nikikata simu nilikuwa nasaga meno.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua siku ya sita. Omena za Ogola zimeshika unyevu. Nimepita pale mara tatu leo bila shughuli, nikiwa nimefungua mwavuli, ili ninuse.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mhubiri alizungumzia kusamehe. Nilikuwa nimekaa nyuma.

Ijumaa, 25 Aprili

Hili nitaliandika lote.

Leo mchana walianza kupanga magunia ya shule kwa Ogola. Mashine ilisema magunia thelathini ya maharagwe mekundu. Chini yapo kumi na tisa. Enos alihesabu mara tatu. Ogola akaja mwenyewe na viatu vyake vya kanisani, akahesabu kwa kidole. Magunia kumi na moja hayapo. Ogola akasema gunia halina miguu. Nani hubeba magunia hapa?

Saa kumi na moja askari walimchukua Wakoli.

Nanyama alifika kwangu usiku akiwa amelowa, mtoto mgongoni. Hakulia. Alisema tu, "Dada, wewe ulifanya kazi pale. Waambie Wakoli si mwizi." Nikasema nitawaambia. Ogola hata hatafuti maharagwe mengine, kwa mujibu wa Nanyama, kwa sababu ana hakika Wakoli atasema alikoyaficha kabla ya Jumatatu. Siku hiyo ndiyo ya korti.

Nanyama amelala hapa nyuma ya pazia. Sasa niandike ukweli, maana kitabu hiki ni changu. Mashine inaandika kilo mbili, kopo linaondoka na mbili na robo, kwa hivyo gunia moja linapotea kwenye kila magunia tisa. Tangu mwezi wa tatu wameuza kwa gorogoro magunia mia, toa moja. Kumi na moja kamili. Hesabu hiyo nilishaifanya siku nyingi kichwani, nikafurahi nayo, nikajua Ogola atakuja kukuna kichwa. Sikujiuliza hata mara moja atasema nani ameyabeba.

Kesho asubuhi naweza kwenda na kusema. Ni maneno matatu: gorogoro si mbili. Lakini nikisema kesho, Ogola atakuwa na Jumamosi na Jumapili za kutafuta maharagwe. Atayapata, hata kama ni kwa mkokoteni kutoka Awasi. Lori la Seline litafika, litajaa, na mashine yake itarekebishwa bure kwa ulimi wangu mimi niliyeachiliwa. Nikinyamaza hadi Jumatatu, Seline atakuta pengo.

Siku mbili tu. Wakoli ni mwanamume mwenye nguvu.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilimpelekea chakula. Jicho moja limevimba. Akasema, "Shemeji, mimi hata gorogoro moja sijabeba." Nikamwambia najua. Akafurahi kusikia hivyo. Akasema basi kuna mtu mmoja anayeamini.

Nilirudi nyumbani kwa miguu ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kanisani. Nanyama aliniuliza kama nimemwona Ogola. Nikasema amesafiri.

Jumatatu, 28 Aprili

Saa mbili kasoro robo lori la shule lilisimama kwa Ogola. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikijifanya naangalia viazi. Nilimwona Seline akiingia, nikamwona akitoka, na Ogola nyuma yake akiinua mikono. Nilisikia neno "mwizi" mara nne. Seline akasema wasichana mia sita hawali mwizi. Akapanda lori akaja kwetu, akachukua mekundu, ndengu na mchele, akamwambia Rehma kuanzia leo kila kitu cha shule kitatoka hapa.

Hayo ndiyo niliyoyaomba tangu tarehe tatu ya Machi. Yalikuja yote, hakuna lililopungua.

Lori lilipoondoka Rehma alinipa chai. Akaniuliza habari ya shemeji yangu. Nikasema bado. Akaniuliza yaliyopotea ni maharagwe ya kuuzwa kwa gorogoro ama kwa gunia. Nikasema gorogoro. Akazungusha kikombe.

"Ile siku ya mizani uliniambia wengi hukosea hapo," alisema. "Ogola alikosea?"

Niliinuka nikarudi kwenye mchele.

"Metrine. Kuna mtu ndani kwa sababu ya kopo, na wewe umesimama hapa unanipimia mchele?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alichukua mizani yetu kutoka mezani, ile niliyomnunulisha, akaiweka mikononi mwangu.

Nilikwenda nayo kifuani kama mtoto, na gorogoro juu yake. Kwa Ogola kulikuwa na akina mama kama kumi wanangoja, na omena zinanuka mpaka machozi. Enos alisimama. Nikamwambia anipishe meza. Nikaweka mizani, nikaweka kopo tupu, nikarudisha mshale kwenye sufuri, nikamwomba mama mmoja ajaze maharagwe kwa mkono wake mwenyewe ili isisemwe nimefanya kiini macho. Akajaza, akapiga kopo, akaondoa kilima cha juu. Kilo mbili na robo. Akamwaga, akajaza tena. Mbili na robo. Kisha omena: gramu mia tisa.

Watu walisogea. Mama mmoja akasema, "Yawa, kumbe miaka yote?" Mwingine akataka kopo lake lipimwe.

Enos ndiye aliyeelewa kwanza. Alikaa na tableti akaandika, akaandika, jasho likimtoka kwenye kola. Halafu akamgeuzia Ogola. Magunia kumi na moja yalikuwa yamerudi. Hayakuwa yamekwenda popote, yaliuzwa kwa akina mama hawa hawa, kidogo kidogo, juu ya kila kopo. Na omena zilizosomeka sufuri zilisomeka zilivyo, mpaka dari.

Ogola ni mtu wa miaka sitini na mbili. Alivua miwani, akaivaa. Aliniangalia mimi, hakuitazama mizani.

"Metrine, ulijua tangu lini?"

"Tangu siku nilipokusikia nyuma ya ukuta."

"Na mimi nilikuuliza."

"Enos aliniuliza. Wewe hukuniuliza kitu miaka kumi na minne."

Hapo nilikuwa nimeandaa maneno mengine, mengi, nimeyafanyia mazoezi usiku. Yalikuwa mazuri. Sikuyasema, kwa sababu yeye alishachukua funguo za gari akaenda kortini kuondoa mashtaka. Hilo nampa. Hakungoja hata koti.

Alirudi saa tisa na Wakoli kiti cha mbele. Mbele ya watu wote akaniambia, "Rudi kazini. Sistimu ikae na wewe, Enos akae chini yako. Sema unataka nini." Ndoto yangu hasa, neno kwa neno. Nikamwambia sitaki. Ilikuwa tamu, sitadanganya. Ilikuwa tamu kama sekunde tatu, halafu nikageuka nikamkuta Wakoli ananiangalia kwa lile jicho moja.

Alikuwa ameambiwa yote ndani ya gari.

Jumanne, 29 Aprili

Nilikwenda kwao na sukari na unga. Wakoli alikuwa nje amekaa juu ya jiwe. Akasema, "Jumamosi uliponiletea chakula, ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Ulisema unajua. Nikafikiri unaniamini, kumbe ulikuwa unajua."

Nanyama alichukua unga. Sukari aliniachia mlangoni.

Jumatatu, 12 Mei

Ogola ameuza omena zake kwa watu wa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Amepunguza stoo nusu. Wapishi wa matanga wote sasa wako kwetu kila Alhamisi. Mhubiri angetaka niandike kwamba sifurahii. Nafurahi. Mtu aliyekunywa kichwa changu akatupa kopo amepata alichostahili, na ningeweza kurudia ningerudia yote, isipokuwa siku tatu.

Siku hizo tatu nimejaribu kuziondoa kwa kila hesabu ninayoijua. Hazitoki.

Jumatatu, 19 Mei

Rehma amemwajiri Wakoli. Hakuniuliza, na ni haki yake.

Amefika saa moja asubuhi, amenisalimu vizuri, kwa heshima, kama mtu anayemsalimu mke wa chifu. Jicho limepona. Lilikuwepo gunia la kwanza la kupelekwa mtaa wa pili. Nikasoma kwenye simu, nikamwambia, maharagwe, kilo tisini, chukua.

Kwa miaka tisa nilikuwa nikisema chukua naye anainama. Wakati mwingine alikuwa na gunia begani kabla sijamaliza neno, kwa sababu Metrine akisema tisini ni tisini, hakuna haja ya kuangalia.

Leo alisimama wima, mikono nyuma.

"Pima kwanza," alisema.

Nikapima. Ilikuwa tisini kamili. Akasogea karibu, akasoma mshale mwenyewe, ndipo akainama akabeba. Na la pili hivyo hivyo, na la tatu. Tumepima magunia thelathini na sita leo.